Kustaafu kwa Maradhi: Barua Kwanza, Tarakimu Baadaye

Popote ulipo, iwe uko jikoni unaandaa chajio, uko ndani ya matatu unarudi nyumbani, au umeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, sogea karibu na redio. Leo nina maneno na mtumishi wa serikali ambaye afya imeanza kumwendea kombo.

Namzungumzia mwalimu ambaye kiharusi kimemwacha na mkono usioshika tena chaki. Namzungumzia karani wa wizara anayekwenda hospitali mara mbili kwa juma kusafishwa damu kwa kuwa figo zake zimekataa kazi. Namzungumzia askari ambaye mgongo haumruhusu kusimama zamu ya usiku. Na mke au mume wa mtu huyo pia namwomba asikilize, maana mara nyingi yeye ndiye atakayebeba bahasha za karatasi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Swali la watu hawa huwa ni moja, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini: "Nikistaafu kwa sababu ya afya, nitapata ngapi?" Wengine huogopa hata kuliuliza. Wanaona kama kupiga hesabu hiyo ni kujiitia mabaya. Ndugu yangu, hakuna ubaya. Mtu anayejua atakachopata hupanga karo ya watoto, hupanga dawa, hupanga deni. Asiyejua hulala macho.

Tafuta kalamu na kipande cha karatasi. Kama unaendesha gari, wewe sikiliza tu, nitarudia.

Kabla hatujagusa tarakimu hata moja, nina jambo ambalo ukisahau mengine yote ya leo, hili usilisahau. Hesabu ya pensheni ya maradhi huanza na barua. Narudia: huanza na barua. Kabla ya mshahara wako, kabla ya miaka yako, liko swali hili: umeondokaje kazini? Watu wawili wanaweza kuwa wamefanya kazi miaka ile ile, kwa mshahara ule ule, wakaugua ugonjwa ule ule, mmoja akawa anapokea pensheni kila mwezi na mwingine asipate kitu. Kilichowatenganisha ni namna walivyotoka.

Hebu tulione hilo kwa karibu. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu malishoni hujikokota zizini. Ndivyo afanyavyo mtumishi wetu. Maradhi yakimzidi, hufunga mzigo akarudi nyumbani, Siaya au Kitui au Taita, akauguzwe na watu wake. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Lakini je, ameacha nini ofisini? Kama hakuacha barua ya daktari, wala ombi la likizo ya ugonjwa, kule kazini kiti chake kiko wazi na hakuna maelezo. Kwa daftari la mwajiri huyo si mgonjwa, huyo ni mtoro. Ataandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze, itatumwa kwa anwani ya zamani, na jibu halitakuja. Mwisho wake atapigwa kalamu. Na aliyefutwa kazi, wasikilizaji, hana pensheni.

Hili huwapata zaidi wagonjwa wa akili, na linaniuma. Mtu aliyezama katika huzuni nzito, au ambaye fahamu zake zimevurugika, hataandika barua. Hataamka siku moja aseme, "Leo niende kwa mkuu wangu na cheti cha daktari." Ugonjwa wenyewe ndio unaomzuia kufuata utaratibu ambao ungemwokoa. Kwa hiyo ukiwa na ndugu wa namna hiyo, usisubiri yeye aandike. Andika wewe, ambatisha taarifa ya hospitali, peleka, igongewe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na nakala moja ibaki nyumbani.

Kisha kuna wale wanaojiuzulu. Mtu amechoka kuonekana mzigo, wenzake wananung'unika kwamba wanamfanyia kazi, basi siku moja kwa uchungu anaandika: "Naomba kuacha kazi." Tafadhali, tafadhali usiandike maneno hayo kabla ya kuuliza. Kujiuzulu kunaweza kukufungia mlango wa pensheni uliyoitumikia miaka yote.

Njia iliyowekwa na sheria ni kustaafu kwa sababu za kiafya. Hapa nchini Kenya, Sheria ya Pensheni, ile ya Sura ya 189, inataka kuwe na ushahidi wa kitabibu kwamba mtumishi hawezi kutekeleza kazi za cheo chake kwa sababu ya udhaifu wa mwili au wa akili, na kwamba udhaifu huo unaelekea kuwa wa kudumu. Sikia maneno hayo vizuri. Mwili au akili: vyote viwili vinahesabika. Kazi za cheo chake: hawaulizi kama unaweza kuuza mboga, wanauliza kama unaweza kufundisha, kama wewe ni mwalimu. Na kudumu: homa ya miezi miwili haitoshi. Ndiyo maana hutangulia likizo ya ugonjwa, mshahara ukija kamili kwa muda, kisha nusu, na ndipo mwajiri humpeleka mtumishi mbele ya jopo la madaktari. Jopo hilo likisema huyu hawezi tena, unaandikiwa barua ya kustaafu kwa maradhi. Barua hiyo ndiyo ufunguo. Sasa ndipo tunapoweza kupiga hesabu.

Haya basi, kalamu iko tayari?

Nitatumia mfano mmoja tu ili tusichanganyikiwe. Tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi aliyepatwa na kiharusi. Ana miaka 52. Aliajiriwa akiwa na miaka 34, kwa hiyo ametumikia miaka 18. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 48,000 kwa mwezi. Nimesema wa msingi. Marupurupu ya nyumba hayamo. Ya usafiri hayamo. Ya mazingira magumu hayamo. Watu wengi huangalia kile kiasi cha juu kabisa kwenye hati ya mshahara wakafurahi, halafu siku ya siku wakadhani wameibiwa. Hawakuibiwa. Hesabu ya pensheni inatazama mshahara wa msingi.

Namba unayoihitaji ni 480. Kwa nini 480? Kwa sababu sheria inakupa sehemu moja ya 480 ya mshahara kwa kila mwezi kamili uliofanya kazi. Ukitaka kuielewa, fikiri hivi: miezi 480 ni miaka 40. Maana yake ni kwamba mtu angetumikia miaka 40 mizima ndipo pensheni yake ilingane na mshahara wake.

Sasa tufanye polepole. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawe kwa 480. Kwa mwalimu wetu, 48,000 gawa kwa 480. Unapata 100. Je, hiyo 100 ni nini? Ndiyo thamani ya kila mwezi aliofanya kazi. Kila mwezi mmoja aliosimama mbele ya darasa unamletea shilingi 100 za pensheni, mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote. Naona namna hii ni nzuri kuliko zile fomula ndefu, kwa sababu inakuonyesha mwezi mmoja una uzito gani.

Amefanya kazi miaka 18. Miaka 18 ni miezi 216. Zidisha kwa 100. Pensheni yake kamili ni shilingi 21,600 kwa mwezi.

Tumeelewana? Narudia kwa aliyechelewa. Mshahara wa msingi, gawa kwa 480, zidisha kwa miezi uliyotumikia. Basi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukufanyia kwenye simu.

Lakini hapo kuna uamuzi. Sheria inakuruhusu kutoa robo ya pensheni hiyo na kuigeuza fedha taslimu, kiinua mgongo, ya miaka 20 kwa mpigo. Robo ya 21,600 ni 5,400. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka 20. Mwalimu wetu anapata 1,296,000. Halafu kila mwezi anabaki na robo tatu, yaani 16,200.

Je, achukue au asichukue? Walio wengi huchukua. Kwa mgonjwa, nami nitasema wazi ninavyoona: mara nyingi ni uamuzi mzuri. Mtu mwenye afya anaweza kujiuliza kama ataishi miaka 20 zaidi ili zile 5,400 zimrudie moja moja. Mtu ambaye moyo wake unasuasua hana haja ya kujiuliza sana. Anapewa leo thamani ya miaka 20. Anaweza kukarabati nyumba iwe na choo cha ndani, kwa kuwa miguu haimfikishi tena nje. Anaweza kununua mashine ya kupima shinikizo la damu. Anaweza kumaliza karo ya kifungua mimba.

Lakini, na hapa nitulie kidogo, fedha hizo zina wenyewe wengi wanaozingoja. Sacco inangoja mkopo wake. Wadhamini wako wanangoja wapumue. Ndugu wamesikia. Mtu aliyepona kiharusi kwa nusu, anayesema kwa shida, hana nguvu za kumkatalia shemeji. Kwa hiyo hesabu ya kiinua mgongo haijaisha mpaka umeandika madeni yote pembeni na kuyatoa. Kama mwalimu wetu ana mkopo wa 700,000, basi kiinua mgongo chake si 1,296,000. Ni 596,000. Afadhali uijue namba hiyo leo. Na jambo la faraja: pensheni yenyewe inalindwa na sheria. Mkopeshaji wa mtaani hawezi kuikamata wala wewe huwezi kumwandikia kwamba iwe yake. Deni unalodaiwa na Serikali, hilo linaweza kukatwa humo.

Na kodi je? Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 iliondoa kodi kwenye malipo ya uzeeni, na ikataja wazi wanaolipwa kabla ya umri kwa sababu ya maradhi. Kwa hiyo namba uliyopata kwenye karatasi yako usiitoe kodi. Ni yako.

Sasa twende kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 10 kazini. Usizime redio, hasa wewe mwalimu uliyesubiri kuajiriwa miaka mingi baada ya chuo. Tunawajua wengi: walihitimu wakiwa vijana, wakafundisha shule za kibinafsi, wakalima, wakauza mitumba, na TSC, tume inayowaajiri walimu, ikawachukua wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mwili umechoka kabla utumishi haujakomaa.

Kwa mtu wa namna hii, Sheria ya Pensheni ina mpaka mkali. Aliyetumikia miaka 10 au zaidi hupata pensheni. Asiyefikisha, akistaafu kwa maradhi, hupata malipo ya mara moja yasiyozidi mara tano ya pensheni ya mwaka ambayo angestahili. Kisha basi. Hakuna kitu cha mwezi.

Tuuone mpaka huo kwa macho. Mshahara ni ule ule, 48,000, kwa hiyo kila mwezi una thamani ya shilingi 100. Huyu wa kwanza ametumikia miezi 119. Amebakiza mwezi mmoja tu kufikisha miaka 10. Miezi 119 mara 100 ni 11,900 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 142,800. Mara tano ni 714,000. Anapewa hizo na mlango unafungwa. Wa pili ametumikia miezi 120, miaka 10 kamili. Pensheni yake ni 12,000. Akitoa robo, anapata kiinua mgongo cha 720,000, na juu yake anapokea 9,000 kila mwezi.

Umeona? Fedha za mkupuo zinakaribia kulingana: 714,000 na 720,000. Lakini mmoja ana 9,000 kila mwisho wa mwezi na mwenzake hana. Tofauti yao ni mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Ndiyo maana namsihi kila mwenye miaka minane au tisa kazini: kabla ya kukubali tarehe yoyote ya kustaafu, hesabu miezi yako kwa vidole. Kama una siku za likizo zilizobaki, ulizia kama zinaweza kukuvusha. Ukiwa na mkuu wa shule mwenye utu, mweleze. Hakuna udanganyifu katika kuomba likizo unayostahili.

Na kwa upande mwingine, tarehe zako zinaweza kuwa na mashimo usiyoyajua. Miezi uliyofanya kazi kwa kandarasi, kabla hujaingizwa kwenye masharti ya kudumu na ya pensheni, isidhaniwe kwamba imo. Likizo bila malipo kwa kawaida haimo. Barua ya kuajiriwa inasema tarehe moja, barua ya kuthibitishwa kazini inasema nyingine. Kitambulisho kina jina la ubatizo, vyeti havina. Mambo haya mtu mwenye afya anaweza kuyarekebisha kwa safari tatu nne za ofisini. Mgonjwa hawezi. Kwa hiyo, msikilizaji uliye mzima, unayesikiliza leo kwa ajili ya mwingine, nenda ukaitazame faili yako. Uwe na nakala ya barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo, na hati ya mshahara ya karibuni. Ziweke mahali mwenzi wako anapajua.

Tumefika kwa vijana. Ninaposema vijana nina maana ya wale waliokuwa hawajatimiza miaka 45 tarehe 1 Januari 2021. Siku hiyo ndiyo mpango mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma ulianza, ule unaojulikana kama PSSS. Waliokuwa na miaka 45 na zaidi walibaki kwenye mpango wa zamani, isipokuwa waliochagua kuhama. Kwa hiyo hesabu ya 480 tuliyoifanya ni hasa ya watu wa miaka hamsini kwenda juu, na ya miaka ambayo vijana waliitumikia kabla ya 2021, ambayo haikupotea.

Kijana wa PSSS hahesabu kwa miezi na sehemu. Yeye anahesabu akiba. Kila mwezi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na Serikali inamwekea asilimia 15. Akiwa na ule ule mshahara wa 48,000, anaweka 3,600 na Serikali inaweka 7,200. Jumla 10,800 kila mwezi, na faida inayozalishwa humo. Akiugua asiweze kazi tena, kilichomo kwenye akaunti yake ndicho chake. Ukitaka kukadiria, omba taarifa ya akaunti yako ya mwaka. Usibuni.

Lakini kuna kitu ambacho vijana wengi hawakijui, na ninaomba mkisikie. Sheria iliyouanzisha mpango huu, ya mwaka 2012, inaitaka Serikali imwekee kila mwanachama bima ya maisha yenye fidia ya ulemavu, isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Mara tano. Kwa mwenye 48,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 2,880,000. Kijana aliyefanya kazi miaka mitatu, ambaye akiba yake bado ni ndogo, hiyo bima ndiyo nguzo yake. Ukipatwa na janga, usiondoke ofisini na akiba peke yake. Uliza, kwa maandishi: "Na bima ya ulemavu inayotajwa na sheria, dai langu nalipeleka wapi, na mwisho wa kulipeleka ni lini?"

Nirudi kwa mwalimu wetu wa miaka 52, maana kuna jambo linalonisumbua juu yake. Angefanya kazi mpaka miaka 60, miezi yake ingekuwa 312, na pensheni yake ingekuwa 31,200 hata kama mshahara usingeongezwa shilingi. Maradhi yamemshusha hadi 21,600. Kila mwezi, maisha yote, anapoteza 9,600 kwa sababu mshipa mmoja wa kichwa ulipasuka. Hakupenda. Hakuwa mvivu. Na sheria ya zamani inahesabu miezi aliyoifanya tu. Ile ambayo ugonjwa umemnyang'anya haimwongezi hata mmoja.

Je, lazima iwe hivyo? Si lazima. Kule Uingereza, katika mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa wa England na Wales, aliyethibitishwa na daktari kwamba hataweza tena kazi yoyote ya maana kabla ya umri wa kustaafu huongezewa pensheni ambayo angeijenga mpaka umri huo. Anahesabiwa kama aliyemaliza safari. Nchi ile ina fedha kutuzidi, najua. Lakini wazo lenyewe halihitaji utajiri mkubwa, kwa sababu wanaostaafu kwa maradhi mazito si wengi kama wanaostaafu kwa umri. Vijana wamepata bima ya mara tano. Hawa wa hamsini na kitu, waliofundisha madarasa ya watoto themanini baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka 2003, wameachwa na miezi yao tu. Mimi naona si haki, na ningependa wabunge wetu walisikie hili wakati wowote Sheria ya Pensheni itakapofunguliwa tena.

Kwa aliyeumia akiwa kazini, askari aliyepigwa risasi au dereva wa serikali aliyepinduka na gari, ipo njia nyingine ya fidia. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, inaweka malipo ya mishahara ya miezi 96 kwa ulemavu wa kudumu uliokamilika. Ajali iandikwe siku hiyo hiyo kwenye kitabu cha matukio, mashahidi watajwe. Nitalitengea jambo hili siku yake, kwa sababu ni refu.

Naombeni sasa tuzungumzie pengo. Pengo gani? Lile la kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Barua ya kustaafu ikitoka, mshahara hukoma. Faili husafiri kutoka kwa mwajiri kwenda Idara ya Pensheni, kule Bima House, Nairobi. Ikikosa karatasi moja, inarudi. Wasikilizaji mnajua, sina haja ya kuwaambia, kwamba wapo waliosubiri miezi mingi. Mtu mwenye afya hubangaiza. Mgonjwa wa figo hawezi kuiambia figo isubiri faili.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, chini ya zile namba nzuri, andika swali hili: nikikosa mshahara nusu mwaka, dawa zitatoka wapi? Na bima ya matibabu niliyokuwa nikipata kama mtumishi, itakoma lini? Mchango wangu wa bima ya afya ya SHA nitaulipa vipi nikiwa sina mwajiri wa kunikatia? Maswali hayo yaulizwe ukiwa bado uko kwenye likizo ya ugonjwa, ukiwa bado una mshahara, hata kama ni nusu. Kipindi hicho cha likizo ndicho cha kukusanya karatasi. Wengi hukitumia kusubiri muujiza. Omba muujiza, lakini mkono mmoja ukusanye karatasi.

Kuna swali moja ambalo hujirudia sana: "Na mimi nimeshapita miaka 50, kwa nini nisistaafu mapema tu kwa hiari, nikaepuka jopo la madaktari?" Unaweza kuomba, kama una miaka 10 kazini. Hesabu ni ile ile ya 480. Wengine hupenda njia hiyo kwa kuwa hawataki ugonjwa wao usomwe na watu wasiowajua, na hilo ni jambo la heshima yao. Lakini kumbuka kwamba hilo ni ombi, na mwajiri ana sauti juu yake na juu ya tarehe. Na kama miaka 10 haijatimia, njia hiyo haikusaidii. Jopo la madaktari ndilo litakalokupa angalau yale malipo ya mara moja.

Na swali lingine, hili huulizwa na wake na waume: "Akifa baada ya kustaafu, mimi nabaki na nini?" Pensheni huendelea kwa wategemezi kwa miaka mitano baada ya kifo chake. Miaka mitano, si milele. Kwa hiyo hakikisha majina ya wategemezi kwenye faili ni ya kweli na ni ya leo. Mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kujazwa, aongezwe. Ndoa iliyofungwa kimila, itafutiwe hati. Mambo haya huzungumzwa kwa machozi mazishini, wakati yalikuwa ya kuzungumzwa mezani.

Muda wetu unakwisha, nami nina neno la mwisho kwa yule anayemuuguza mtu asiyeweza kuandika wala kusema. Unaweza kuanza kesho asubuhi. Nenda hospitali anakotibiwa, omba taarifa ya maandishi yenye jina la ugonjwa na tarehe ulipoanza. Ipeleke kwa mkuu wake wa kazi pamoja na barua fupi: fulani, nambari yake ya kazi ni hii, ni mgonjwa tangu tarehe hii, tunaomba likizo ya ugonjwa, na tunaomba apelekwe mbele ya jopo la madaktari. Huhitaji wakili. Huhitaji Kiingereza kikubwa. Kabla hujaondoka pale mezani, omba muhuri kwenye nakala yako. Wakikuambia uache tu, muhuri si lazima, kaa hapo kwenye benchi kwa adabu mpaka upigwe.

Kama una swali, andikia kituo chetu, nami nitalijibu juma lijalo.